Deni la Jumuiya, Barabara ya Mugumu

Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Dar es Salaam ilikuwa habari ya siasa: shirika la ndege la pamoja limevunjika, Kenya imeanzisha lake, na magari na ndege ndogo za watalii za Kenya zilizokutwa upande huu zimezuiwa. Sirari, kwenye ncha ya kaskazini ya Tarime, ilikuwa habari ya shangazi na binamu. Mpaka ule ni mstari ulionyooka kwa sehemu kubwa, ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886, kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, bila kumuuliza Mkuria hata mmoja. Miaka tisini baadaye bado kulikuwa na watu wenye mama upande huu na mashamba ya wajomba upande ule. Mpaka ulipofungwa, watu wakafuata njia za panya. Ng'ombe walipita kwenda kaskazini, sabuni na nguo zikapita kuja kusini, na neno magendo likawa la kila siku hadi mpaka ulipofunguliwa tena Novemba 1983.

Kisa hiki, cha kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi wa marais: Nyerere hakutaka kukaa meza moja na Amin, Kenya ilikuwa na ubepari wake, Tanzania na ujamaa wake. Yote ni kweli. Lakini ndani ya ugomvi ule mlikuwa na swali ambalo wanasheria wa dunia walikuwa bado hawajalipatia jibu la uhakika, na watu wa mkoa wa Mara walikuwa miongoni mwa waliolilipia. Shirika la kimataifa likifa na madeni, nani anadaiwa?

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala mwaka 1967 haikuwa klabu ya mikutano tu. Iliendesha reli, bandari, posta na simu, na ndege. Makao makuu ya reli na ya ndege yalikuwa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta Kampala, na sekretarieti yenyewe Arusha. Baharia wa meli za ziwa zilizotia nanga Musoma, au karani aliyegonga mihuri ya barua posta, hakuwa mtumishi wa serikali ya Tanzania. Mwajiri wake alikuwa Jumuiya. Makato ya pensheni yake yaliingia kwenye mfuko wa Jumuiya, na siku ya kustaafu alitarajia kulipwa na Jumuiya.

Kwamba chombo cha namna hii ni mtu mbele ya sheria lilikuwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwaka 1948 mpatanishi wa Umoja wa Mataifa, Folke Bernadotte, aliuawa Yerusalemu, na Umoja ukataka kujua kama una haki ya kudai fidia kwa jina lake. Aprili 1949 Mahakama ya Kimataifa ya Haki pale The Hague ikajibu kwamba ndiyo: Umoja wa Mataifa una nafsi yake ya kisheria, una haki na una wajibu, na si jina la jumla tu la nchi wanachama. Jibu lile lilishangiliwa kwa sababu ya neno haki. Neno wajibu lilisomwa kwa sauti ya chini. Maana chombo kikiwa na nafsi yake, basi na madeni yake ni yake, na mwanachama anaweza kukaa pembeni akasema hili halinihusu.

Ndivyo ilivyotokea London zaidi ya miaka thelathini baadaye. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likinunua na kuuza madini hayo ili kulinda bei, liliishiwa fedha ghafla likiwa na madeni makubwa kwa madalali na mabenki. Wadai wakazikimbilia nchi wanachama. Mwaka 1989 majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza wakawaambia kwamba mdaiwa ni Baraza, na Baraza halina kitu.

Afrika Mashariki ilikuwa imelikuta shimo hilo mapema zaidi, na lazima isemwe kwamba ililivuka kwa namna ya kiungwana kidogo kuliko wenye bati. Kwetu mtu akizikwa, jamaa mmoja husimama kaburini na kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu awaone wenye msiba. Tangazo la Jumuiya lilichukua miaka saba. Mwaka 1978 aliletwa mpatanishi, Mswisi Victor Umbricht, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ambayo nayo haikuwa mpita njia: ilikuwa imeyakopesha mashirika ya Jumuiya na ilitaka fedha zake. Umbricht alizunguka Nairobi, Dar es Salaam na Kampala akihesabu mabehewa, meli, majengo, mitambo ya simu na mikopo. Vita vya Kagera vilipita katikati. Amin akaondoka, Obote akarudi. Hatimaye tarehe 14 Mei 1984, pale Arusha, marais Moi, Nyerere na Obote walitia saini Mkataba wa Upatanishi. Mali na madeni yaligawanywa kwa mafungu: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila nchi ilikubali kuwalipa raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya na mashirika yake pensheni na stahili zao.

Hapo ndipo wasomaji wengi wa historia hufunga kitabu. Wastaafu hawakuweza kukifunga. Ahadi ilikuwa imeandikwa kati ya nchi na nchi, na baharia wa Musoma hakuwa mmoja wa waliotia saini. Mwajiri wake alikuwa amekufa. Warithi wa mwajiri walikuwa wamekubaliana wao kwa wao. Yeye alibaki na barua ya ajira yenye nembo ya chombo kisichokuwepo. Kwa miaka mingi neno "wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki" lilisikika redioni karibu kila bajeti ilipokaribia, na watoto waliozaliwa baada ya 1977 walilizoea bila kujua lilikotoka. Wastaafu wa Tanzania, waliozidi 31,000, waliifungulia serikali kesi Mahakama Kuu, na Septemba 2005 pande mbili zikaandikishiana hati ya makubaliano ya malipo. Hata baada ya hapo manung'uniko hayakwisha. Wazee waliendelea kufika Dar es Salaam na mafaili yao, wengine wakiwakilishwa na wajane na watoto, wakisema walicholipwa si walichostahili.

Kenya ilikuwa na wastaafu wake pia. Zaidi ya 700 kati yao walikwenda mbele ya mahakama mpya ya Jumuiya mpya, wakiishtaki Kenya. Mahakama ikawaambia kwamba Mkataba ulioanzisha mahakama hiyo ulianza kutumika mwaka 2000 na haurudi nyuma kuamua mambo ya 1977 na 1984. Kwa sheria, jibu hilo ni gumu kulipinga. Kwa binadamu aliyefanya kazi reli kwa miaka ishirini, Jumuiya ya zamani haikuwepo kumlipa na Jumuiya mpya haikuwepo alipodhulumiwa.

Jumuiya mpya ilitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na walioiandika walikuwa wameiona mirathi ile. Waliweka mahakama ndani yake. Ibara ya 30 ya Mkataba inasema mtu yeyote mkazi wa nchi mwanachama anaweza kuipelekea mahakama swali la uhalali wa sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama, au cha taasisi ya Jumuiya yenyewe. Maneno hayo ya mwisho ni adimu. Mashirika mengi ya kimataifa hujizungushia kinga, na mtu wa kawaida hana pa kuyafikisha. Hapa mlango uliachwa wazi, ingawa wakubwa hawakukawia kuusukuma. Mwishoni mwa 2006, mahakama ilipozuia kuapishwa kwa wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki, kwenye kesi ya Profesa Anyang' Nyong'o, nchi wanachama ziliubadili Mkataba chapuchapu. Tangu hapo mlalamikaji ana miezi miwili tu tangu kitendo kitokee au akijue. Mtu wa Sirari anayelisikia jambo mwaka mmoja baadaye kwenye kikao cha kijiji ajue kwamba ana kazi ya kueleza.

Mahakama hiyo ndiyo iliyokuja kuamua juu ya barabara ya Mugumu. Kabla ya kufika huko inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu barabara inapita kwenye hifadhi ya Serengeti, na hifadhi ilizaliwa wakati nchi hii ilikuwa chini ya macho ya shirika la kimataifa. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Baada ya vita vya kwanza Uingereza iliitawala kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa la Geneva, na tangu Desemba 1946 kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianza kazi mwaka 1951, katikati ya kipindi hicho cha udhamini. Mipaka ilibadilika mara kadhaa: mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Wamaasai wakatolewa upande wa magharibi, na katikati ya miaka ya 1960, baada ya uhuru, hifadhi ikaongezewa kipande cha Lamai, kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya. Kwa Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Wakuria, kila mabadiliko yalimaanisha mawindo, malisho au mashamba yaliyogeuka kuwa kosa la jinai.

Je, Umoja wa Mataifa uliwajibika kwa yaliyofanyika chini ya udhamini wake? Jibu tunalipata kwa jirani. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Wameru wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952, akazungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Wajumbe walisikiliza, wengine wakakasirika kwa niaba yake. Azimio kali halikufikisha theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudi. Mdhamini aliona, akasikia, akaandika kumbukumbu. Wa kuulizwa alibaki kuwa Mwingereza, na Mwingereza alikuwa amekwisha kuamua.

Mwaka 1981 Serengeti iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hapo Mara ikapata msimamizi mwingine wa mbali, ambaye naye hana askari wala fimbo. Mkataba wa Urithi wa Dunia unaweka wajibu wa kulinda eneo juu ya nchi yenyewe. Kamati, ambayo ni wawakilishi wa nchi 21, hushauri, huomba taarifa, na ikikasirika sana huliandika eneo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Usidhani hilo ni jambo dogo kwa nchi inayoishi kwa utalii. Nguvu yake ni ya aibu, na aibu ina bei.

Basi serikali ikaja na barabara. Mpango ulikuwa kuunganisha Musoma na Arusha kwa lami: Makutano, Nata, Mugumu, Tabora B, kisha kukatiza hifadhi kutokea lango la Kleins, Loliondo, hadi Mto wa Mbu. Ndani ya hifadhi ni kilometa 53 hivi. Rais Jakaya Kikwete aliitetea, na mwaka 2010 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Kwa mtu wa Mugumu mahitaji yalikuwa wazi. Mgonjwa aliyeishinda hospitali ya wilaya alipelekwa Bugando, Mwanza, kwa barabara ambayo masika yaliamua yenyewe lini ipitike. Mahindi na ng'ombe wa Serengeti vilikuwa mbali na soko la Arusha kwa mzunguko mrefu. Kwa mwanasayansi wa wanyama mahitaji hayo yalikuwa upande mmoja tu wa mizani. Nyumbu zaidi ya milioni moja hupita kaskazini mwa hifadhi kila mwaka kwenda Maasai Mara na kurudi, na lami huleta malori, malori huleta kasi, na kasi mwishowe huleta uzio.

Desemba 2010 shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi, African Network for Animal Welfare, lilifungua shauri Na. 9 la mwaka huo katika Mahakama ya Afrika Mashariki dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Tanzania. Tanzania ilipinga kwanza kwamba mahakama haina mamlaka juu ya barabara ya ndani ya nchi. Hoja hiyo ilipanda hadi rufaa, ikakataliwa Machi 2012. Wakati huohuo, Juni 2011, Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokuwa ikikutana Paris, wizara ya maliasili ilituma barua kueleza kwamba kipande cha hifadhini hakitawekwa lami na kitabaki chini ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, kwa ajili ya utalii na utawala. Barua hiyo ikaingia kwenye kesi kama ushahidi. Ahadi iliyotolewa kwa shirika moja la kimataifa ikasomwa mbele ya mahakama ya shirika jingine.

Hukumu ya Divisheni ya Awali ilitolewa tarehe 20 Juni 2014. Majaji walisema mpango wa awali wa barabara ya lami kukatiza hifadhi unakiuka Mkataba, hasa ibara zinazozitaka nchi wanachama kulinda mazingira na kushirikiana katika maliasili. Wakaizuia Tanzania isijenge wala kudumisha barabara ya kiwango hicho ndani ya hifadhi, huku wakiiachia haki ya kubuni mipango mingine isiyodhuru ikolojia. Tanzania ilikata rufaa, na suala likahitimishwa mwaka 2015. Hakuna aliyelipwa fidia, wala hakuna aliyeiomba. Lilikuwa zuio la jambo ambalo halijafanyika.

Naiona hukumu ile kuwa sahihi kwa sheria na naiona kuwa na pengo kubwa. Chumbani mlikuwa na shirika la Nairobi na Mwanasheria Mkuu wa Tanzania. Watu wa Mugumu walitajwa na serikali kama sababu ya barabara, na walitajwa na wapinzani wake kama watu wanaoweza kupitishiwa njia nyingine, lakini hawakuwa upande katika shauri. Wakati wa mabishano Ujerumani na Benki ya Dunia zilionyesha nia ya kusaidia njia mbadala ya kusini. Njia ya kusini ingepita Meatu na Maswa. Mtu wa Mugumu akitazama ramani haoni inamsaidia vipi.

Mwaka uleule wa barua ya Paris, 2011, Tume ya Sheria ya Kimataifa ilikamilisha kanuni juu ya wajibu wa mashirika ya kimataifa, chini ya mwandishi wake maalumu Giorgio Gaja wa Italia. Zinasomeka vizuri. Shirika huwajibika kwa kitendo chake kinachovunja wajibu wake. Haliruhusiwi kuwatuma wanachama wafanye kile ambacho lenyewe lingekatazwa. Na mwanachama huwajibika kwa kosa la shirika hasa pale alipokubali wajibu huo, au alipomfanya aliyedhurika aamini hivyo. Kanuni hii ya mwisho ndiyo historia ya wastaafu kwa ufupi: mwaka 1984 nchi tatu zilikubali, na bila kukubali kwao pangekuwa na bati tu. Lakini kanuni hizo mpaka leo si mkataba. Na hata zingekuwa, ukizipeleka Mugumu zinakwama. UNESCO haikumkataza mtu barabara. Ilipendekeza. Mahakama iliitamkia Tanzania, si UNESCO wala Jumuiya. Kila chombo kilifanya kazi yake bila kosa, na gharama ikatua mahali pamoja.

Upande wa Tarime kuna kisa kinachoonyesha jinsi mambo yanavyokwenda mdaiwa akiwa na anwani. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo, ulianza uzalishaji mwaka 2002 na ukapita mikono ya kampuni kadhaa hadi Barrick. Vijana wanaoingia kuokota mawe ya dhahabu, ambao pale huitwa "intruda", wamekuwa wakikabiliana na walinzi na polisi kwa miaka mingi, na tarehe 16 Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi. Mwaka 2013 kundi la wanakijiji lilifungua kesi Mahakama Kuu ya London dhidi ya African Barrick Gold na kampuni ya mgodi. Mwaka 2015 kesi ikamalizwa nje ya mahakama. Kampuni ilisajiliwa London, hisa zake ziliuzwa London, na haikuwa na kinga ya kidiplomasia. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba mwanakijiji wa Nyamongo alimfikisha mwenye mgodi mahakamani kwa urahisi zaidi kuliko ambavyo angefikisha shirika lolote lililoundwa kwa ajili ya haki na amani.

Kinga ya mashirika ya kimataifa imeanza kupata nyufa kwingineko. Februari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya wavuvi wa Gujarat dhidi ya shirika la fedha la kundi la Benki ya Dunia lililokuwa limekopesha mtambo wa umeme, iliamua kwamba mashirika ya kimataifa hayana kinga kamili mbele ya mahakama za nchi ile. Wavuvi hawakufaidi: kesi yao ilikwama baadaye.

Kwenye mlango wa Ibara ya 30, miongoni mwa waliobisha hodi baada ya shirika la Nairobi walikuwa majirani wa Mugumu, ng'ambo ya hifadhi. Mwaka 2017 vijiji vinne vya Loliondo, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki baada ya maboma kuchomwa katika operesheni ya kuwaondoa watu na mifugo kwenye ardhi inayopakana na Serengeti. Safari hii walalamikaji walikuwa vijiji vyenyewe, kwa majina yao. Mwaka 2018 walipata amri ya muda ya kuwalinda, tarehe 30 Septemba 2022 shauri likatupwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na Novemba 2023 Divisheni ya Rufaa ikaiondoa hukumu hiyo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Mdaiwa, kama kwenye kesi ya barabara, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Tanzania peke yake.